Msiuze laptopu kwa bei ya kutupa

Mhariri,

Laptopu mpya zikifika hapa Goma, watu huharakisha kuuza za zamani. Sisi mafundi tunawasihi wasubiri kwanza. Mashine ya mwaka 2013 ikifanya kazi polepole, mara nyingi kosa ni la diski ya kuzunguka, ile ya zamani inayohifadhi mafaili. Badala yake weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya inchi 2.5 yenye GB 240, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Ila angalia: mashine inayotaka RAM ya DDR3L, aina inayotumia umeme mdogo, ukiipa DDR3 ya kawaida, huenda isiwake kabisa.

Adui mkubwa hapa kwetu ni vumbi jeusi la mawe ya volkano. Linaziba mapezi ya kupozea, joto linapanda, prosesa (ubongo wa mashine) inajipunguzia kasi. Fungua, zuia feni kwa kidole isizunguke, ndipo upulize. Futa pasta ya joto iliyokauka juu ya prosesa, ile inayopitisha joto lake kwenda kwenye kipozeo, paka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Windows 10 uliishiwa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, lakini Linux Mint, mfumo mwingine unaoweza kuuweka badala yake, ni ya bure na RAM ya GB 4 inaitosha. Betri iliyovimba, jamani, itolewe siku hiyohiyo, isitobolewe.

Mafundi wa laptopu,
Goma