Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuipanga Upya Tovuti ya Chama Chetu cha Wafuga Nyuki

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka, na kwa ridhaa yenu nitaielekeza karibu yote kwenye kazi ya kuipanga upya tovuti, kwa kuwa ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi na ndiyo mnunuzi wa mbali anayoiona kabla hajaonja asali yetu. Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina baada yangu.

Tovuti ya awali tuliipanga kwa kufuata muundo wa uongozi: ukurasa wa kila kamati, kisha historia ndefu na picha za mikutano. Aliyetaka kujua unyevu wa asali ya miombo tunayorina hapa Tabora ilimbidi kwanza ajue kwamba jambo hilo liko chini ya Kamati ya Masoko, halafu afungue picha ya waraka wenye maandishi madogo yasiyosomeka kwenye simu. Wengi hawakufika huko. Walipiga simu ofisini, na daftari la simu la katibu, lenye swali lilelile ukurasa baada ya ukurasa, ndilo lililotufumbua macho.

Tulianza kwa kuorodhesha kila kilichomo, tukiandika kando yake nani anakihitaji na kama bado ni kweli. Bei za misimu iliyopita na matangazo ya mikutano iliyokwisha tuliyafuta. Kila jambo lililobaki tukaliandika kwenye kipande chake cha karatasi ngumu, tukatandika mkeka chini ya mwembe nyuma ya ofisi, tukawaomba wanachama, wazee kwa vijana, wayagawe mafungu kadiri wanavyoona wenyewe na kuyapa majina, huku viongozi tukikaa kimya. Mama mmoja alikishika kwa muda mrefu kipande kilichoandikwa "Nta", akakiondoa kwenye "Mazao mengine" na kukiweka pamoja na asali, kwa maelezo kwamba anayenunua kimoja huulizia na kingine. Nakubaliana naye kabisa. Neno "Rasilimali", ambalo ndilo lililobeba miongozo yetu yote ya ufugaji, halikutajwa na yeyote. Fungu hilo waliliita "Jifunze kufuga nyuki".

Kwa hiyo menyu mpya ina sehemu nne tu: Nunua asali na nta, Jifunze kufuga nyuki, Jiunge na chama, na Wasiliana nasi. Historia na uongozi vina kiungo chake chini ya kila ukurasa.

Katika maandishi tumetanguliza jibu, maelezo yakafuata. Ukurasa wa asali unaanza na unyevu, ambao kwa kiwango cha kimataifa cha vyakula, yaani Codex, haupaswi kuzidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida, kisha ujazo wa ndoo na namna ya kuagiza. Hapo kuna kiungo kinachompeleka msomaji kwenye mwongozo wa kurina, unaoeleza kwamba masega yasiyozibwa kwa nta yana asali mbichi yenye maji mengi, inayochacha upesi, na kwamba masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yaachwe mzingani. Kiungo hicho nakithamini kuliko vyote, maana mnunuzi anaona chanzo cha ubora, na mfugaji anaona sababu ya kusubiri. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 nayo imefafanuliwa kwa Kiswahili chepesi. Picha zimepunguzwa uzito ili zisimalize bando, na hakuna tena maandishi yaliyofichwa ndani ya picha, kwa kuwa programu zinazowasomea wenzetu wasioona hushindwa kuyatambua.

Ukurasa wa Kiingereza kwa wanunuzi wa nje haujaanza. Kila ukurasa umepewa mtunzaji na tarehe ya kuhakikiwa. Naomba kila tawi liandike kwenye daftari lake maswali linayoulizwa na wanunuzi na wafugaji wapya, na daftari hilo limfikie katibu kabla ya msimu ujao wa kurina.