Daftari la kikundi bado unalo?

Muheza, 18 Januari 2026

Shoga yangu Mama Rajabu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani? Baba Rajabu na kile kifua chake? Wajukuu wote hawajambo? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatoka barazani na anamtambua kila apitaye.

Najua umenuna, na una haki. Tangu arobaini ya Bi Kidawa sijakutafuta, na simu zako mbili nimeziona. Kila siku nilisema nitakupigia nikitulia, na huko kutulia hakukuja. Nisamehe, shoga. Leo naandika badala ya kupiga kwa sababu jambo lenyewe lina tarehe na hesabu, na kwenye simu mimi na wewe tutaishia kucheka na kulia mpaka vocha iishe, tusiwe tumesema kitu.

Mwanetu Mwanaidi ni mjamzito. Baada ya miaka yote ile, Mama Rajabu! Unakumbuka ulivyokesha naye hospitali ile mara ya pili? Sasa daktari amemwambia wiki ya kwanza ya Aprili, inshallah, na mtoto anacheza vizuri. Anataka niende kwake Hamburg, Ujerumani, nikamtazame. Mkwe ni kijana mwema, lakini nani atamkanda? Nani atampikia uji wa pilipili manga? Anasema kule mzazi anarudi nyumbani akiwa na siku mbili tatu tu, na huyo mtoto wamhudumie wao wawili ndani ya vyumba viwili, ghorofa ya nne. Akiniambia hivyo analia, na mimi nikikata simu nalia.

Basi nimeingia kwenye mambo ya viza, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mwanaidi alitaka nikae miezi sita. Haiwezekani. Viza ya kutembea ya nchi zile za Ulaya zinazoitwa Schengen inampa mgeni siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Shemeji yangu akasema mbona rahisi, siku zikikaribia kwisha nivuke Ufaransa wiki moja kisha nirudi Ujerumani nianze upya. Haianzi upya. Nchi zote 29 zinahesabiwa kama nyumba moja. Ukihama chumba hujatoka nyumbani. Kukaa zaidi ya hapo ni viza nyingine kabisa, ya masomo, ya kazi, ya mume na mke, na bibi kwenda kulea mjukuu hamo.

Sasa sikia hili. Mkwe alishanifanyia bukingi ya ndege, kufika tarehe 25 Machi, tukishaswali Idi, na kuondoka tarehe 25 Juni. Miezi mitatu, akasema. Mimi moyo ukakataa. Jioni nikakaa na mama mkekani, nikateremsha ile kalenda ya duka la pembejeo, nikachukua punje za mahindi. Machi nikaweka punje 7, maana siku ya kufika nayo inahesabiwa hata ndege ikitua usiku. Aprili 30. Mei 31. Juni nikaweka moja moja, mama anahesabu kwa sauti, tukafika 90 punje ilipokuwa tarehe 22. Nikarudia kwa kuwa sikuamini. Ni 22. Ile miezi mitatu ya mkwe ni siku 93! Siku tatu tu, lakini siku tatu hizo ndizo zingeniandika mkosaji mpakani. Tena tangu Oktoba mwaka jana wameanza mtambo mpya, unachukua picha ya uso na alama za vidole ukiingia na ukitoka, na siku unazihesabu wenyewe. Si tena mihuri ya kufifia ambayo afisa ataisoma akipenda. Nikampigia mkwe usiku uleule, akaomba radhi, tumebadili iwe tarehe 19 Juni, nibakishe siku za dharura. Nikishatoka hivyo, siwezi kuanza kukaa siku 90 nyingine mpaka 18 Septemba. Nimeandika hata hilo kwenye kalenda.

Mengine yanakwenda. Pasipoti ninayo, nililipa shilingi 150,000, ni mpya, kurasa zimejaa nafasi. Bima ya safari ya euro 30,000 mkwe ameishughulikia. Ada ya viza ni euro 90, kama laki mbili na nusu zetu, na ukinyimwa hairudi. Mkwe amekwenda pia ofisi ya wageni ya mji wao, wakaangalia mshahara wake, akasaini karatasi ya dhamana kwamba nikiugua au nikikwama gharama ni juu yake. Wanaiita Verpflichtungserklärung. Neno refu kama treni ya mizigo, lakini moyo ulitulia nilipoiona sahihi yake.

Cheti cha Mwanaidi kilinitesa kidogo. Wanataka kithibitishe kuwa ni mwanangu, na mle ndani mama yake ameandikwa Zainabu, wakati pasipoti yangu ni Zainab. Herufi moja. Nimeapa kwa wakili kwamba Zainabu na Zainab ni mtu mmoja, muhuri umegongwa, na kila kilichoandikwa kwa Kiswahili nimekipeleka kwa mtafsiri.

Kinachoninyima usingizi ni kimoja. Wanataka nithibitishe kwamba nitarudi.

Mama Rajabu, nimelifikiria swali hilo mpaka kichwa kimeuma. Mtu anathibitishaje kwamba atarudi kwake? Fedha wataziona za mkwe. Bima wataiona. Kilichobaki ni mimi, na mimi sina barua ya mwajiri wala pensheni. Mume alitangulia. Nyumba ni ile unayoijua. Shamba la machungwa ni la baba, tuligawiwa kwenye kikao cha ukoo, na nilichonacho ni muhtasari wa kikao wenye dole gumba la marehemu mjomba. Hati ya kimila sina, nilikuwa nikisema mwakani, mwakani. Benki akaunti ipo, lakini ukiitazama utadhani ni ya mtu anayeishi kwa hewa: fedha ya machungwa inaingia kwenye simu, inatoka kwenye simu, nyingine inakwenda kwenye sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Maisha yangu yote yapo huku, na karibu hakuna hata chembe yake kwenye karatasi.

Mama Jamila alinyimwa na ubalozi mmoja mwaka juzi kwa jambo hilihili. Alinionyesha fomu yake. Ina visanduku, wametia alama kwenye kimoja tu: kuna mashaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mwanamke mwenye ng'ombe sita na mume kitandani! Aliniambia kilichomuuma si safari kukatika, ni kuambiwa kwa maandishi kwamba angewatupa.

Sasa watu wananishauri. Kuna kijana pale mjini Tanga, anajiita wakala, aliniambia niwe na laki sita tu, atanitilia milioni 15 benki zikae mwezi mmoja, nichapishe taarifa, kisha azitoe. Na kwenye fomu nijaze kwamba naenda kutalii, eti kusema mjukuu ni kujitia kitanzi. Nilimkatalia nikaondoka. Taarifa ya benki wanaitazama miezi mitatu nyuma. Mlima wa fedha ukiota siku moja katikati ya elfu hamsini hamsini, hata mtoto atauliza umetoka wapi. Na wakigundua uongo jina linabaki kwenye kumbukumbu zao, litamfuata na Mwanaidi pale alipo. Lakini hata wasingegundua, shoga, siwezi kwenda kumpokea mjukuu wangu wa kwanza nikiwa nimebeba uongo. Fomu ina sehemu yake kabisa ya kutembelea familia, na hapo ndipo nimetia alama.

Kaka yangu naye, nashindwa kumsema vibaya kwa kuwa ananipenda, ananiambia ukishafika umefika, kaa mpaka mtoto atembee, nani atakufukuza. Na mama je? Na machungwa ya mwezi wa sita? Yeye mwenyewe hajawahi kuchuma hata debe moja.

Kwa hiyo nimeanza kukusanya kurudi kwangu, karatasi moja moja. Mtendaji wa kijiji ameniandikia barua ya shamba, idadi ya miti 140, na kwamba msimu mkubwa ndio huo wa Juni, nikikosekana inaozea mtini. Zahanati wameandika kwamba mama yangu anahudhuria kliniki na mimi ndiye ninayempeleka. Yule mnunuzi wa machungwa kutoka Nairobi amekubali kuandika kwamba ananunua kwangu miaka minane sasa. Ninapozitandaza kitandani nasema, kweli, huyu mtu ana kwao.

Inakosekana moja, nayo unayo wewe.

Kikundi. Tangu 2014 sijakosa hisa hata wiki moja, hata wiki ya msiba wa baba Mwanaidi nilimtuma mtoto. Lakini katibu wa sasa ana madaftari kuanzia 2023 tu. Yote ya nyuma uliyaandika kwa mkono wako, na yamo kwenye lile sanduku la bati ulilohama nalo Morogoro. Naomba unitolee kila ukurasa wenye jina langu: hisa za kila mwaka, mikopo niliyochukua na tarehe nilizomaliza kulipa, na gawio la kila mwisho wa mwaka. Kisha uandike barua, kwamba wewe ulikuwa katibu miaka hiyo, na kwamba mimi ni mmoja wa wale watatu wenye funguo za sanduku la fedha. Hilo la ufunguo tafadhali lisikosekane. Kufuli ni tatu, na bila mimi sanduku halifunguki mpaka nimkabidhi mtu mbele ya mkutano, na nitamkabidhi kwa tarehe, mpaka 20 Juni. Mwenyekiti atagonga muhuri huku.

Miadi yangu Dar es Salaam ni tarehe 10 Februari. Majibu kwa kawaida siku 15, wakiwa na maswali yanaweza kufika 45, ndiyo maana sitaki kwenda na pengo. Mtafsiri anataka siku tano. Ukihesabu utaona barua yako inatakiwa iwe mkononi mwangu mwisho wa mwezi huu. Madaftari yenyewe usiyape basi, nakuomba, yakipotea tumepotea sote. Piga picha kurasa, unitumie kwenye simu, na barua ndiyo uipe basi la Tanga, unitajie namba ya gari.

Kingine cha kunichekesha na kunitia hofu ni vidole. Unakumbuka tulivyosumbuka kwenye kitambulisho cha Taifa, mashine inalia, alama hazisomeki? Machungwa na sabuni vimezimaliza. Siku hizi kila usiku napaka mafuta ya nazi, navaa soksi mikononi, nalala. Mama ananiuliza kama huko Ulaya baridi imeshanifikia huku. Jana nilitazama dole gumba juani, mistari imeanza kuonekana.

Nimeyasema mengi. Sasa nijibu. Daftari la 2017 lilinyeshewa, je, kurasa zangu zilipona? Wewe ulipokwenda kwa Rajabu Muscat ulimwachia nani funguo za nyumba, na ulilalaje siku za kwanza ukiwa mbali? Mama nimwache kwa wifi, au nimkubalie mdogo wangu anayetaka kumchukua Pangani, unavyowajua wote wawili? Nikiulizwa dirishani kwa nini nitarudi nianze na mama, au nianze na shamba? Pilipili manga na mdalasini vya kusaga wataniacha nipite navyo uwanja wa ndege? Na wewe, kama wiki zile za Juni nitachelewa hata siku mbili, unaweza kupanda basi uje unisimamie uchumaji, kama ule mwaka niliovunjika mguu?

Mama anakusalimu, anasema umwambie Baba Rajabu bado anamdai ule mkeka.

Wasalaam,
shoga yako,
Mama Mwanaidi

Ile kanga uliyonipa siku Mwanaidi anaolewa, doti nzima sijaivaa. Kipande kimoja ndicho atakachopokelewa nacho mtoto, kimeshafuliwa na kipo juu kabisa kwenye begi. Kingine nimekiacha kabatini.