Ukiwaleta Watoto Butiama

Musoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kutoka huku ziwani. Sisi wazima wa afya, hofu ni juu yako na watoto.

Mpango wako nimeusoma: mlale Mwanza, mdamke, mfike Butiama kaburini kwa Mwalimu Nyerere, mpige picha, na jioni muwe mmesharudi Mwanza. Ufute. Mwanza hadi Musoma ni kama kilomita 220, na Butiama iko nje kidogo ya barabara hiyo kuu. Vijiji ni vingi na kila kimoja kina kibao cha kupunguza mwendo, kwa hiyo kwenda na kurudi mtakula saa nane njiani, basi likikuta foleni hata zaidi. Watoto watafika wamechoka na watakachokumbuka ni basi. Laleni Musoma mjini usiku mbili, na Butiama mpeni siku yake nzima.

Kutoka Dar, usiwakalishe kwenye basi la moja kwa moja. Pandeni treni ya SGR hadi Dodoma, ya haraka haichukui hata saa nne, mlale hapo, kesho yake mchukue basi la alfajiri kwenda Mwanza. Hicho ndicho kipande kigumu, kama kilomita 700, lakini angalau mtakianza mkiwa mmelala. Kutoka Mwanza kuja huku, kateni viti vya upande wa kulia. Mkishapita Lamadi, Hifadhi ya Serengeti inakuja karibu kabisa na barabara, na mwezi Juni nyumbu huwa upande huu wa magharibi. Pundamilia kuonekana dirishani si ajabu. Waliokaa kushoto huambulia kusimuliwa.

Juni ndiyo likizo ya kuja. Desemba mvua za vuli zinakuwa bado hazijaisha, na Butiama ni mahali pa miamba: ikilowa inateleza, na watoto hawaambiliki wakiona jiwe la kupanda. Usije tarehe 14 Oktoba wala siku zinazoizunguka. Hiyo ni siku aliyofariki, mwaka 1999, na kila mwaka huja viongozi, misafara na walinzi. Familia inayotaka kutazama kwa nafasi haipati nafasi. Jumapili nayo iepuke. Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumwombea Mwalimu atangazwe mwenye heri, hivyo mahujaji hufika kwa mabasi.

Siku ya kwanza msitoke mjini. Nendeni Shule ya Msingi Mwisenge, alikoanza darasa la kwanza mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Ni shule inayofundisha hadi leo, si makumbusho, kwa hiyo ruhusa ni ya mwalimu mkuu na iombwe mapema. Wakati wa likizo mnaweza kumkuta mlinzi tu, naye hana mamlaka ya kuwafungulia. Hapo waulize watoto: kutoka hapa hadi kwao Mwalimu, Butiama, ni mbali kiasi gani? Wakadirie, waandike. Kesho yake dereva asome mita ya gari. Ni kama kilomita 45 kwa barabara ya leo, na hapo wataelewa wenyewe kwa nini yule mtoto alikaa bweni.

Siku ya pili tokeni saa 1 asubuhi. Njia ya Butiama inachepuka Makutano, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Sirari. Daladala zipo, ila husubiri zijae, na alasiri huadimika. Kwa watu watano kodini gari la siku nzima, mpatane bei kabla ya kuwasha injini, na muwe mmetaja saa za kusubiri. La sivyo dereva ataanza kupiga honi mkiwa hata hamjamaliza makumbusho.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapokosea. Butiama kuna mahali pawili. Kuna Makumbusho ya Mwalimu, ambayo ni ya serikali, na kuna Mwitongo, nyumbani kwake, ambako kuna kaburi. Anzeni makumbusho. Watoto wakianzia kaburini huona safari imekwisha, na baada ya hapo kila kitu ni "mama, tunarudi lini?" Makumbusho yana picha, zawadi alizopewa, vitu alivyotumia na maandishi ya mkono wake. Msitake kuona vyote. Mwambie mwongozaji mapema kwamba una watoto, awachagulie vitu sita au saba na kuvieleza vizuri. Saa moja na nusu inatosha, baada ya hapo wadogo wanaanza kukimbizana.

Kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontroli namba: weka salio la kutosha kwenye simu kabla hamjatoka mjini, usitegemee noti mkononi. Mtandao ukiyumba mtakaa pale getini mkitazamana, ndiyo maana nasema mfike mapema. Kupiga picha ndani, uliza kwanza.

Mwitongo ni kwa watu. Kuna familia. Ingieni kama mnavyoingia ukweni: magoti na mabega yafunikwe, kofia zivuliwe kaburini, sauti chini. Nyumba aliyojengewa na jeshi wataiona. Aliishi humo muda mfupi tu kabla ya kufariki. Hapo hapo ndipo pa kuwasimulia kuhusu Mtemi Burito, baba yake, aliyekuwa na wake 22, na Mama Mgaya, wa tano. Jina la Kambarage waulize watoto wakisie. Ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha. Julius lilikuja baadaye, alipobatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima.

Msitu wa Muhunda ulio jirani ni wa mizimu ya Wazanaki. Msijiingilie tu, wala mtoto asichume jani. Muombe mwenyeji awapeleke au awaeleze mkiwa nje. Wakichoka kusikiliza, watazame pimbi kwenye miamba. Waambie yule mnyama mdogo ni ndugu wa tembo, uone ubishi utakaozuka.

Chakula fungeni kutoka mjini, na maji lita moja na nusu kwa kila kichwa. Hapo kijijini mtapata cha kula, ila si kwa saa mnayotaka. Jioni mrudipo Musoma, sato wa kuchoma yupo tele. Ziwani watazame tu, wasiogelee: kichocho kipo, na pale penye maji tulivu yenye majani ndipo konokono wake wanapokaa.

Mtoto chini ya miaka sita, kwa maoni yangu, mwache kwa bibi yake.

Nilitaka kusahau: kabla hamjapanda treni, tengeni asubuhi moja mwende Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi siku za TANU, nayo sasa ni makumbusho. Ni hapo hapo Dar, nauli ya daladala tu. Wakiiona hiyo kwanza, Butiama watakuja na maswali yao.

Ukishapata tarehe nijulishe wiki mbili kabla, ruhusa ya Mwisenge niifuatilie mimi. Na uniletee kahawa ile ya mwaka jana, robo kilo tu.

Ni mimi mwenzio,
wa Musoma