Kabla ya rozela, ulizeni vidonge vya maumivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme neno kuhusu upungufu wa damu, hasa ule unaowapata watu wazima wasio na malaria, wasio na minyoo, na ambao hawajajifungua juzi wala jana.

Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi hadi kustaafu. Mgonjwa wa namna hii huja akilalamika kuchoka, kuhema akipanda kilima kidogo tu, na kizunguzungu akiinuka. Anapimwa wingi wa damu, inasoma gramu 7 au 8 kwa desilita, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, au mwanamume chini ya 13, damu yake imepungua. Anaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Majirani wanaongeza yao: rozela, matembele, maini. Damu inapanda kidogo, kisha baada ya miezi michache inashuka tena, na hakuna aliyemuuliza: kwa hayo magoti yako, unameza nini?

Namkumbuka mama mmoja fundi cherehani. Alipoulizwa kama anatumia dawa yoyote alikataa katakata. Baadaye, akitafuta nauli, alifungua pindo la khanga na kikadondoka kipande cha pakiti chenye vidonge vinne vya diklofenaki, kimekatwa kwa mkasi hata jina limebaki nusu. "Hivi? Hivi ni vya mgongo tu, mwanangu." Alikuwa akivimeza asubuhi na jioni, mwaka wa pili huo.

Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na jamaa zao hupunguza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, yaani kemikali zinazochochea maumivu. Tabu ni kwamba prostaglandini hizohizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo usiliwe na tindikali. Hili si jambo geni: John Vane wa Uingereza alilieleza mwaka 1971, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli. Ukuta uliokosa kinga huchubuka na kuvuja damu, mara nyingi bila maumivu yoyote, kwa sababu anayevuja ndiye huyohuyo anayemeza dawa ya maumivu.

Tupige hesabu. Mililita 1 ya damu ina takriban nusu miligramu ya chuma. Chakula cha siku nzima, kwa kawaida, huuingizia mwili miligramu 1 hadi 2. Basi mtu akivuja kijiko kimoja cha chai kwa siku, yaani mililita 5, anapoteza miligramu 2.5, na akiba inaliwa polepole. Kijiko kimoja hakibadilishi rangi ya choo. Choo cheusi kinachonata kama lami huja damu ikishamwagika nyingi, na hapo napo kuna mtego: vidonge vya chuma navyo huleta choo cheusi, kwa hiyo mgonjwa anaambiwa ni kawaida.

Watu wengi hujiliwaza kwamba "ukila kwanza haina shida". Kula kunapunguza kiungulia; hakuondoi hatari ya vidonda. Sindano nayo si kinga, kwani dawa hulifikia tumbo kwa njia ya damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa wazee, kwa aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kwa anayetumia prednisoloni au dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mnywaji wa pombe, na kwa yule anayechanganya mbili: ibuprofeni mchana, diklofenaki usiku. Figo nazo zinaweza kuharibika, na figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuhimiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu.

Sisemi watu wavumilie maumivu. Parasetamoli ni nafuu kwa tumbo, mradi mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, maana ini nalo lina mpaka wake. Anayelazimika kuendelea na diklofenaki anaweza kupewa omeprazoli ya kulinda tumbo. Na aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache kabla ya kumwona daktari wake.

Ombi langu kwa Baraza la Famasi ni kwamba muuzaji wa duka la dawa alazimike kuuliza "umeitumia kwa muda gani?" kabla ya kushika mkasi, na kipande anachokata kibaki na jina la dawa. Kwa madaktari na waganga wa zahanati: andikeni kwenye fomu ya maabara dawa anazomeza mgonjwa, pamoja na zile anazosema si dawa. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo ni rahisi na majibu yake hutoka siku hiyohiyo. Enzi zangu tulikuwa nacho rafuni, na kiliombwa kwa nadra mno.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Morogoro