Siku za kutalii Ulaya ziombwe kabla tiketi haijakatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafanyakazi wa Arusha na Moshi wanaotumwa Ulaya kikazi: watu wa kampuni za utalii wanaokwenda maonyesho ya utalii ya ITB kule Berlin kila Machi, madaktari, wahadhiri, wanasheria. Wengi wanatamani kubaki siku tatu nne watembee kidogo, na wengi wao hulitaja jambo hilo tiketi ikiwa imeshatoka. Hasara inaanzia hapo.

Kutalii baada ya mkutano si kosa. Visa ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, inaruhusu shughuli za kikazi na matembezi katika safari hiyo hiyo, mradi umesema tangu kwenye fomu. Kinachowaangusha watu ni karatasi zisizopatana. Barua ya mwajiri inasema unarudi Machi 6, hoteli inaishia tarehe 6, tiketi inasema tarehe 10. Afisa wa ubalozi atajuaje siku nne hizo utalala wapi na analipa nani? Mwajiri aongeze sentensi mbili tu: tunamgharamia mpaka tarehe fulani, kuanzia hapo hadi tarehe fulani yuko likizo na anajitegemea. Ambatisha bukingi ya malazi ya siku hizo na taarifa ya benki ya akaunti yako mwenyewe. Mtumishi wa umma ahakikishe kibali chake cha kusafiri nje kina tarehe hizo hizo.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiingoje hiyo 15, maana faili likihitaji uchunguzi zaidi linaweza kukaa mpaka siku 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa visa hairudi. Bima iwe ya kuanzia euro 30,000 na ifunike siku zote, za kazi na za matembezi. Bima inayolipiwa na ofisi mara nyingi huishia siku ya mwisho ya mkutano, kwa hiyo nyongeza ulipe wewe.

Pasipoti ikirudi, soma stika ya visa hapo hapo dirishani. Kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kuna idadi ya siku za kukaa. Watu huvichanganya. Stika inaweza kuonyesha Machi 1 hadi Machi 26, lakini siku za kukaa zikaandikwa 11. Ruhusa yako ni siku 11 tu ndani ya tarehe hizo. Zilizobaki ni nafasi ya kusogeza safari ikiahirishwa. Siku ya kutua inahesabiwa nzima hata ukifika saa tano usiku, na siku ya kuondoka nayo inahesabiwa. Zamani mtu aliweza kubishana juu ya mhuri usiosomeka. Mfumo wa mipakani ulioanza Oktoba 2025 unachukua picha na kukagua alama za vidole, na unahesabu siku wenyewe.

Kwenye stika hiyo hiyo tazama idadi ya kuingia. Ikiwa 01, ukivuka kwenda London umeimaliza, hurudi tena Ujerumani kupanda ndege ya nyumbani, maana Uingereza haimo Schengen na inataka visa yake. Uswisi imo, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya.

Tena, ubalozi wa kuomba ni wa nchi yenye sehemu kuu ya safari. Ukiwa na siku 3 za maonyesho Berlin na siku 7 za Paris, Wajerumani wana haki ya kukuuliza kwa nini hukwenda kwa Wafaransa. Ushauri wangu ni kwamba kama safari ni ya kwanza, talii katika nchi ile ile ya mkutano.

Sasa tiketi, ambako fedha nyingi hupotea. Siku moja, kabla ya malipo, mwombe wakala akutolee bei mbili: ya kurudi siku mkutano unapoisha, na ya kurudi siku unayoitaka wewe. Zichapishe, mpelekee mhasibu. Ya pili ikizidi, unalipa tofauti. Mara nyingine hupungua, hasa ukiondoka katikati ya juma, na hapo hakuna wa kukunung'unikia. Tiketi ikishatoka, unalipa faini ya kubadilisha na tofauti ya nauli juu yake.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Mtu ana tiketi ya KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Amsterdam, Berlin, na kurudi njia hiyo hiyo. Anamaliza kazi Berlin, anapanda treni mwendo wa saa kama sita hadi Amsterdam, anatembea siku mbili, kisha anakwenda uwanjani akidhani atadandia ndege ya KIA tu. Kaunta wanamwambia tiketi imefutwa. Kwa nini? Kwa sababu hakupanda kipande cha Berlin hadi Amsterdam, na mashirika mengi yanafuta vipande vyote vinavyofuata abiria akikosa kimoja. Dawa ni kumwambia wakala mapema akate tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Nayo ni tiketi ya kawaida, wala si ya ujanja.

Karatasi zote za visa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Ukipitia Amsterdam, anayekuhoji ni afisa wa pale; Berlin unashuka kama abiria wa ndani. Sanduku lenye barua yako ya mwaliko liko tumboni mwa ndege.

Kwa wanaobaki Berlin: uwanja wa ndege uko kanda C ya nauli, kwa hiyo nunua tiketi ya treni ya ABC. Ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Isiyogongwa inahesabika kama huna, na faini ni euro 60. Kuba la bunge kuingia ni bure, ila lazima ujiandikishe mapema kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Zawadi za nyumbani nunua Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi yamefungwa. Machi ni baridi kali, na Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa husogezwa mbele usiku.

Na kama una nusu siku tu, nenda Makumbusho ya Viumbe Asilia, karibu na kituo cha treni cha Naturkundemuseum, njia ya U6. Yule mjusi wa kale (dinosaria) aliyesimama ukumbini, kimo cha mita 13 na ushee, alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Yeye hana tarehe ya kurudi kwenye tiketi yake. Jumatatu wanafunga.

Mkata tiketi,
Arusha