Mshtakiwa wa mauaji apewe wakili siku ya kwanza, sio siku ya kesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mama nauza vitenge hapa Tandika, gazeti lenu huwa nalisoma kibandani wateja wakipungua, na barua hii naandika usiku kwenye simu baada ya kufunga, mnisamehe nikirefusha maana jambo lenyewe nimekaa nalo muda mrefu.

Wiki mbili zilizopita mlitoa habari ya kijana wa mkoani aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji, kichwa cha habari kikamwita muuaji moja kwa moja. Gazeti lile lilizunguka mkono kwa mkono pale sokoni na kila aliyelishika akasema huyo anyongwe tu. Mimi nikanyamaza nikakunja vitenge vyangu, maana ningefungua mdomo ningelia. Mdogo wangu wa mwisho naye waliwahi kumwita hivyo hivyo. Alikaa mahabusu miaka minne na miezi saba kwa kesi ya mauaji, wilaya moja kule kwenye mikoa ya tumbaku, siitaji jina, halafu Mahakama Kuu ikamwachia huru. Sasa hivi tunaishi naye hapa hapa Dar na bado usiku akisikia gari kubwa linapunguza mwendo nje anakaa kitandani.

Wengi wetu hapa mjini hatujui kesi ya mauaji inavyokwenda kule wilayani, mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Mtu anakamatwa, anapelekwa mahakama ya wilaya, hakimu anamwambia usijibu chochote kwa sababu mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri lako, linasikilizwa na Mahakama Kuu. Dhamana hakuna, sheria imeifunga kabisa kwa mauaji. Basi anarudishwa gerezani, kila baada ya siku 14 karandinga linamleta, anasimama, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, wanapanga tarehe nyingine, anarudi. Sisi tulikuwa tunatoka Dar siku nzima na usiku kwenye basi kwenda kusikia hiyo sentensi moja. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa kwamba mtu asipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, tukafurahi kweli, kumbe makosa makubwa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu yameachwa nje, na mauaji yamo humo humo.

Sasa muda wote huo mshtakiwa hana wakili. Mwenye hela anaweka wa kwake tangu mwanzo, sawa, lakini mkulima wa heka mbili za tumbaku hela ya wakili aitoe wapi? Serikali inampa wakili, hilo kweli inafanya na nashukuru, ila kwa jinsi tulivyoona sisi wakili anakuja kesi ikishafika Mahakama Kuu. Na utetezi wa kesi ya mauaji unakufa huku nyuma Mhariri, unakufa kimya kimya kabla hata jaji hajaliona jalada.

Niwape mfano wa kwetu. Usiku wa tukio mdogo wangu alikuwa kwenye bani. Bani ni kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, na anayekausha hawezi kulala, moto ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza, kwa hiyo mtu anakesha anaongeza kuni kidogo kidogo hadi asubuhi. Alikesha na kibarua mmoja kijana, amekuja kwa msimu tu. Huyo ndiye shahidi wetu, alikuwa naye kuanzia magharibi mpaka jua linatoka. Msimu ulipoisha akalipwa akaondoka, wengine wanasema alielekea Katavi kwenye mashamba, wengine wanasema alirudi kwao mpakani. Hakuna aliyemwandika jina kamili, hakuna aliyechukua namba ya simu. Angekuwepo mtu wa kutuambia wiki ile ile kwamba jamani, mtafuteni huyu kijana, andikeni anakotoka na namba ya ndugu yake, tungemfuata kwa miguu. Sisi tulikuwa tunalia na kuchanga nauli. Miaka minne baadaye wakili anatuuliza kibarua yuko wapi, mama akashika kichwa.

Halafu mawakili wenyewe walikuwa wawili. Siku ya kusomewa shtaka Mahakama Kuu alipewa mmoja, akasikilizwa ile hatua ya awali, yule baba akaondoka. Miezi ikapita, Mahakama Kuu ikaja kukaa kikao pale wilayani na kesi nyingi za mauaji zimepangwa mfululizo, siku ya kusikiliza ya kwetu akapewa mwingine kabisa. Huyu wa pili alipata jalada Jumanne na kesi inaanza Alhamisi. Simlaumu hata chembe, naomba lieleweke, namuombea dua mpaka leo. Alikaa na mdogo wangu kwenye benchi nyuma ya jengo la mahakama na askari kasimama pembeni, kama saa moja hivi, na humo ndani ya saa moja mdogo wangu atakiwe kueleza maisha yake yote kwa mtu ambaye hajawahi kumuona. Wakili akamwambia "dogo, nisimulie polepole, unakumbuka nini?" Mdogo wangu ananiambia dada, nilisahau hata jina la kitongoji.

Kilichomwokoa ni mambo mawili ambayo wakili aliyaona usiku wa Jumatano akisoma makaratasi.

La kwanza ni tochi. Shahidi mkuu alisema alimuona mdogo wangu usiku ule kwa mwanga wa tochi ya simu. Ipo kesi ya zamani ya Mahakama ya Rufani, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, mawakili wote wanaijua, inasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na mahakama isiutegemee mpaka iondoe kila uwezekano wa kukosea: ulimuona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamfahamu kabla au la. Wakili akamuuliza shahidi taratibu tu, tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Akajibu ya kwake. Ulikuwa umeielekeza wapi? Chini, nilikuwa nakimbia. Ukumbi ukanyamaza. Tena maelezo yake ya kwanza kabisa polisi, yaliyoandikwa asubuhi ya tukio, hayakuwa na jina la mdogo wangu popote, jina lilitokea kwenye maelezo ya pili siku kadhaa baadaye. Na huyo ni mtu anayemfahamu tangu utoto! Hayo makaratasi sisi tuliyaona kwa mara ya kwanza pale kesi ilipohamishwa rasmi kwenda Mahakama Kuu, kabla ya hapo unakaa ndani miaka hujui hata nani amesema nini juu yako.

La pili ni yale maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa mwenyewe yanayoandikwa polisi, ambayo polisi walisema humo amekiri. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mtu ahojiwe ndani ya masaa manne tangu akamatwe, yakihitajika zaidi uwepo utaratibu wa kuongeza. Mdogo wangu alichukuliwa alfajiri, maelezo yakaandikwa kesho yake jioni, akawekewa kidole gumba. Sasa utathibitishaje kwamba ni alfajiri? Ikafanyika ile wanaita kesi ndani ya kesi, yaani jaji anasikiliza kwanza kama maelezo hayo yapokelewe au la, mdogo wangu akaeleza mwenyewe, halafu akaitwa mama. Mama yangu hajasoma, alisimama pale na kanga yake akasema adhana ilikuwa bado inaendelea walipogonga mlango, akakumbuka mpaka kwamba ndoo ya maji ya udhu ilipigwa teke ikamwagika na yeye akarudi kuteka nyingine, na mtendaji wa kijiji aliyekuwa amefuatana nao, ambaye ni shahidi wa upande wa mashtaka, alipoulizwa naye akasema ni kweli palikuwa bado giza. Jaji akayakataa yale maelezo.

Watu wananiambia si umeona, haki ilitendeka. Mimi naona ilikuwa bahati. Mama angekuwa amefariki ndani ya ile miaka minne, na alikuwa anaumwa presha, nani angeisema ile adhana? Mtendaji angehamishwa je? Na wakili angekuwa amechoka tu usiku ule wa Jumatano, maana kikao kile alikuwa na kesi nyingine tatu, na malipo wanayopewa na serikali kwa kesi hizi wenyewe wanalalamika ni madogo na hayaji kwa wakati.

Kuna kitu kingine mdogo wangu anakisimulia kinanikosesha raha. Mle gerezani wapo waliokaa muda mrefu wakachoka, ikifika siku wakiambiwa ukikubali kosa dogo la kuua bila kukusudia mambo yanaisha, wanakubali. Wengine kweli walipigana mtu akafa na hilo ndilo kosa lao halali, sheria inatofautisha kabisa kuua kwa kukusudia na ugomvi wa ghafla, wanaangalia silaha, idadi ya mapigo, sehemu ya mwili iliyopigwa, maneno na mwenendo wake kabla na baada. Lakini mtu wa kukusomea hayo makaratasi ukajua kosa lako ni lipi hasa unampata siku mbili kabla, sasa unakubali kwa kuelewa au unakubali kwa kuchoka? Mdogo wangu naye aliwaza kukubali. Aliniambia kwenye dirisha la gereza, dada nikisema ndiyo si nitatoka? Nikamwambia utasemaje ndiyo kwa kitu hujafanya, akaniangalia tu, akasema wewe unarudi Dar leo.

Na tukumbuke adhabu yenyewe. Ukitiwa hatiani kwa mauaji jaji hana la kuchagua, ni kunyongwa hadi kufa, labda uwe chini ya miaka 18 au mwanamke mjamzito. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mwaka 1994 alisema adhabu hii inavunja katiba, Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata ikakubali kwamba ni ya kikatili ila ikasema katiba inairuhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake, ikasema kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kuangalia mazingira ni kuvunja haki ya kuishi. Najua nchi yetu haijanyonga mtu tangu miaka ya 1990, lakini hukumu bado zinasomwa na watu bado wanakaa wanasubiri. Kwa kosa lenye adhabu ya namna hiyo wakili wa siku mbili hatoshi Mhariri, hatoshi kabisa.

Ninachoomba sio sheria mpya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inasema jaji au hakimu anayeendesha shauri la jinai akiona haki inadai mshtakiwa apate msaada na hana uwezo, aamuru apewe. Imetaja na hakimu! Kwa hiyo hakimu wa wilaya siku ile ya kwanza anapomwambia mtu usijibu chochote, anaweza pale pale kuamuru apewe wakili, na wakili huyo huyo aende naye mpaka mwisho, sio mmoja wa kusomewa na mwingine wa kusikilizwa. Najua jibu litakuja kwamba mawakili wilayani hawapo, wengi wamejazana hapa mjini, na ni kweli, wilaya nyingine ukiuliza wakili unaambiwa panda basi. Lakini sheria hiyo hiyo inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao vijijini wapo. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu, ila wanaweza kwenda gerezani wiki ya kwanza na daftari wakaandika: ulikuwa wapi, na nani, umekamatwa saa ngapi, nani aliona. Daftari hilo la kurasa chache lingemshika kibarua wetu. Tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imefika mpaka vijijini, watu wamesaidiwa ardhi na mirathi, sisi tunaomba iingie kwa nguvu ile ile na kwenye mabweni ya mahabusu wa mauaji.

Na nyinyi wa magazeti, nawaomba kwa heshima, andikeni mshtakiwa au mtuhumiwa. Katiba ibara ya 13 imekataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Kile kichwa cha habari cha mdogo wangu kilibandikwa kwenye ukuta wa duka kijijini kwetu na habari ya kuachiwa kwake hamkuiandika.

Mwisho niseme la marehemu, maana huwa linasahaulika tukiongelea washtakiwa. Alikuwa jirani yetu, mashamba yanapakana. Mama yake alikuja mahakamani kila siku ya kikao, anakaa benchi la mbele, mama yetu la nyuma, hawasalimiani. Siku ya hukumu jaji alipomaliza, yule mama aligeuka akamuuliza mama yetu, "Sasa ni nani?" Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo hakuna mwingine aliyekamatwa, na mama yetu anasema bado wanakutana kisimani.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza vitenge, Tandika, Dar es Salaam