Miche ya trei moja, mavuno mawili tofauti: namna ya kulima inavyoamua ukuaji wa mboga zako

Mwezi wa nane mwaka jana mama mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma, alirudi kitaluni kwetu akiwa na mche wa pilipili hoho uliodumaa, akatuambia kwa uchungu kwamba tumemuuzia mbegu mbovu. Tulimkaribisha, tukauosha mche huo kwenye ndoo ya maji na kumwonyesha mizizi. Wiki tano baada ya kupandikizwa, mizizi ilikuwa bado imejikunja katika umbo la tundu la trei, na mzizi mkuu ulikuwa umepinda kuelekea juu kama ndoano. Jirani yake, aliyechukua miche ya trei hiyohiyo siku hiyohiyo, tayari alikuwa na hoho zenye maua. Tunaandika makala haya kwa ajili ya mama huyo na wateja wengine wengi waliopata hasara ya namna hiyo, kwa sababu hasara hiyo inatuuma na sisi.

Udongo mwekundu wenye mchanga, ambao ndio tunaoukuta katika viwanja vingi vya Dodoma, hushikana ukikauka na kuwa mgumu kama sakafu. Jembe la mkono hukwaruza sentimita chache za juu, na mche ukipandwa hapo mizizi yake hugonga tabaka gumu, hugeuka na kuzunguka palepale ulipofukiwa. Kabla ya kupandikiza, vunja udongo kwa sururu hadi kina cha sentimita 30 hivi, kisha changanya samadi iliyoiva. Samadi iliyoiva haina joto ndani yake, hainuki, na humong'onyoka ukiifinya. Ile inayotolewa zizini na kupelekwa shambani siku hiyohiyo huunguza mizizi michanga na kuleta mbegu za magugu.

Jambo linalotuhuzunisha zaidi ni matuta. Wakazi wengi wa jiji hili wamehamia kutoka Mbeya, Kilimanjaro na mikoa mingine yenye mvua nyingi, nao wamekuja na desturi ya kuinua tuta, ambayo huko kwao ni sahihi kabisa kwa kuwa tuta lililoinuka huondoa maji yaliyozidi. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua kali na upepo mkavu. Tuta lililoinuka hupigwa na jua na upepo juu na ubavuni, kwa hiyo maji uliyomwagilia asubuhi huwa yamekwisha kabla ya jioni. Wakati wa kiangazi tunashauri tuta la kuzama, lenye upana wa mita moja na kina cha sentimita 15 hivi chini ya usawa wa ardhi, lenye kingo zinazozuia maji yasitoroke na kuikinga miche na upepo. Lakini kama shamba lako ni la udongo mweusi wa mbuga, mvua zikianza inua matuta, kwa sababu maji yakituama hapo mizizi hukosa hewa na kuoza.

Kuhusu umwagiliaji, kunyunyiza kidogo kidogo kila siku huifundisha mizizi kubaki juu, mahali panapokauka kwanza. Ni afadhali kumwagilia kwa wingi, maji yazame, kisha kuangalia kwa kidole kama unyevu bado upo kabla ya kurudia. Wateja wa nyanya hutuletea matunda yenye doa jeusi lililodidimia upande wa chini, wakiomba dawa ya ukungu. Hali hiyo huitwa kuoza kitako, nayo haitokani na ukungu: kalsiamu hufika kwenye tunda ikibebwa na maji, na mmea unaokaa na kiu siku nne, kisha ukafurikishwa siku ya tano, hushindwa kuisafirisha hata kama imejaa ardhini. Dawa ya ukungu hapo ni fedha iliyotupwa. Weka matandazo ya nyasi kavu yasiyogusa shina, na uyakague mara kwa mara, maana mchwa wa huku huyapenda mno.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, tuambie kabla ya kuchagua zao, kwa sababu maharage mabichi na vitunguu huumia mapema kuliko spinachi.

Kwa upande wetu, siku saba hadi kumi kabla ya kuuza tunaitoa miche chini ya neti, tunaizoesha jua na kuipunguzia maji. Ndiyo maana miche yetu ni mifupi, minene na imepauka kidogo, na mteja anayetafuta mirefu na laini hutushangaa. Mche laini ukitolewa kivulini na kupandwa saa sita mchana husinyaa siku hiyohiyo. Kwa hiyo tunakuomba uje kuchukua miche alasiri, uilowanishe kabla ya kuitoa kwenye trei, upandikize jua likiwa limelegea, na shimo liwe na kina cha kutosha ili mzizi usimame wima.

Mama wa Nzuguni tulimfuata shambani kwake mwezi wa tisa. Tulichimba naye tuta moja la kuzama, akapandikiza trei nyingine ya hoho jioni ile. Baada ya wiki tatu tuling'oa mche mmoja kwa idhini yake: mizizi myeupe ilikuwa imetoka nje ya lile umbo la tundu pande zote, na mingine ilikatikia ardhini kwa sababu ilikuwa imekwenda chini kuliko koleo letu lilivyofika.